Shingo Upande

Umeme ukikatika Katuba majirani huguna,
redio hufa katikati ya neno,
na baba huinuka kitini kama aliyeitwa zamu.
Gizani, husema, ndipo shaba huonyesha rangi yake.

Mezani: jiko dogo la gesi,
sufuria ambayo mama haipikii tena bukari,
na maganda hamsini ya risasi za Bwana Pandelis,
yule wa klabu ya shabaha, barabara ya Kipushi.

Baba hulishika ganda kwenye kitako,
hulizungusha vidoleni, shingo ndani ya ulimi wa moto.
Huhesabu kwa Kifaransa; kazi alifunzwa kwa Kifaransa,
matusi kwa Kiswahili.
Vidole vikianza kuungua, basi.
Chwaa, majini.

Kitako kikilainika, ganda limekufa.
Shingo isipolainika, linakumbuka mno.

Linakumbuka nini, baba?

Likifyatuliwa linatanuka, likibanwa linajikaza,
kila safari linaongeza ukaidi
mpaka siku lipasuke kama mdomo wa kiangazi.
Moto hulisahaulisha. Kwa kiasi, wewe. Kwa kiasi.

Asubuhi, kukereza.
Kikerezo cha mkono alikiunda mwenyewe
kwa vyuma vya baiskeli ya marehemu mjomba Kabwit.
Shingo inavaa kijiti chenye mafuta,
kisu kinazunguka, kinalamba palipovimba,
na unyoya wa shaba, mwembamba kuliko ukope,
unatua juu ya daftari langu la darasa la sita.
Nikitaka kuupuliza:
Usipulize. Pima.

Mikromita ilikuwa nzito na baridi, yenye harufu ya sarafu.
Thelathini na mbili, nikasoma.
Thelathini na mbili.
Thelathini na nne.
Hapo! Unene huku, wembamba kule.
Shingo ya hivyo huiachia risasi shingo upande.

Mimi nikacheka.
Mama, akichambua sombe mlangoni, hakucheka.
Yeye ndiye aliyempokea siku ya bahasha,
siku kiwanda kilipoweka mbele yake karatasi na kalamu:
miaka ishirini na sita ya kukereza mihimili yao,
saini hapa, na hapa, na hapa.
Akasaini. Unajua alivyosaini.
Kisha akatoka getini na mikromita ndani ya soksi.
Aliungama Jumamosi ile ile.
Padre akamuuliza, mikromita ni nini?
Wakakaa nusu saa, foleni ya wakosefu ikirefuka nje.

Yeye mwenyewe hajafyatua hata moja.
Usiku mlio ukisikika upande wa Kenya
huita majina yetu gizani, mmoja mmoja,
na halali mpaka sote tuitike,
hata mdogo wetu Ngoie, ambaye hakujua kusema,
aliyefunzwa kugonga ukuta.

Jumatatu Bwana Pandelis akaja na karatasi ya shabaha,
mikono yote miwili, kama aliyebeba mtoto wa ubatizo.
Mita mia tatu, Mzee Anaclet! Tazama!
Matundu manne yamekuwa tundu moja,
ukucha wa mama ungelifunika.
Na la tano, kando kidogo,
upana wa punje ya mchele.

Mgeni alikunywa chai akasifu, akalipa, akaenda.
Baba aliishika karatasi dhidi ya dirisha.
Mwanga ukapita matunduni ukamdondokea shavuni.
Hili la tano, akasema, lina shingo nene.
Nani alilipitisha?

Siku ile ya kupima, wenzangu walikuwa wakinipigia miluzi uani,
kamba tayari imenyooshwa.
Ganda la arobaini na moja lilisema thelathini na nne.
Mimi nilisema thelathini na mbili.

Nikatazama malata ya dari, msumari mmoja mmoja.
Mama akasema, Anaclet, ni mtoto.
Hakumjibu.
Akafungua kopo, akamwaga maganda yote mezani,
akavuta kiti cha pili,
akanyoosha mkono wenye mikromita.

Soma tena.